Baraza la Wanawake

Jumatatu, 3 Agosti 1964
Wali, maharagwe ya nazi, samaki wa kupaka. Hoteli imejaa tangu saa sita. Wanaume wanaongoja chakula wana baraza lao la mawe mbele, kivulini. Wanawake wanangojea nyuma, wima, katika moshi wa jiko langu, watoto mgongoni. Wengine wametoka mbali, Kikoneni, kuleta watoto hospitali. Nimechoka kuwaona hivyo. Hoteli ni yangu. Nitawajengea baraza lao. Mbele.

Jumanne, 4 Agosti
Fundi Hamisi ameanza na mawe. Alitaka liende juu kama la wanaume. Nimekataa. Mama akining'iniza miguu hapumziki. Liwe chini, pana, mtoto aweze kulazwa. Ukuta ulale kidogo, mgongo uegemee. Amenung'unika. Amejenga.

Alhamisi, 6 Agosti
Chokaa imekauka, makuti yameezekwa. Nimeandika ukutani kwa makaa: BARAZA LA WANAWAKE, IJUMAA SAA TANO. Wajue siku ya kuanza kukaa. Mwandiko mbaya, lakini unasomeka.

Unasomeka mno. Bwana mpya wa ofisi ya serikali, mtu wa bara, ameusoma akipita. Kumbe kwao baraza ni mkutano tu! Ameniuliza nani kanipa kibali cha kukusanya watu. Nimemwonyesha mawe ya kukalia. Amedhani namfanyia mzaha. Ameamuru livunjwe kesho. Asiyejua maana haambiwi maana. Sivunji.

Ijumaa, 7 Agosti
Wamekuja. Pomoni. Waliokosa nafasi wameketi mikekani. Bwana akafika na vibarua wawili na sururu zao. Akauliza mkutano huu ni wa nani. Bi Mwanamisi, mtu mzima kuliko wote, hakuinuka.

"Twangoja wali, mwanangu. Karibu uketi."

Vibarua ni vijana wa hapa hapa. Wakamwamkia shikamoo, wakaweka sururu chini. Nani atamwinua mgeni barazani? Haya hiyo utaipeleka wapi? Bwana akasema basi, baraza libaki, nifute neno lile ukutani. Nikasema sifuti, ndilo jina lake. Niliogopa, nakiri. Sikufuta. Akaenda zake.

Jumatatu, 10 Agosti
Manyunyu tangu asubuhi. Wateja wachache. Ofisini kimya. Mama mmoja aliyetoka hospitali ameegemea ukuta, mtoto amelazwa kando yake. Wote wamelala. Wali wake umeiva zamani. Nimeufunika. Sijamwamsha.