Mume Anayeugua kwa Adabu

Mshauri wetu mpendwa wa redio, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, mi ni mwanamke wa Bukavu, fundi cherehani hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, nimeolewa na Mrundi, Nduwayo, mpole ambaye hata ukimkanyaga yeye njo anaomba pardon, sasa mwezi uliopita tumbo likamshika tangu asubuhi mpaka hawezi kunyooka, nikampandisha baiskeli ya kabaza hadi kliniki moja ya karibu, nesi akamsalimu, "Muli bwanji?", mume wangu akavua kofia akajibu yeye ni mzima, akamuuliza naye habari za nyumbani, basi nesi akamweka mwisho wa foleni, nyuma ya mama mwenye mafua, na alipoingia mzee mwingine akampisha kiti, "Kaa mzee, mi niko sawa," huku jasho linamfika kwenye soksi.

Nikafanya kama kwetu, nikajitupa chini, "Mungu wangu, tunakufa!", batu bakatukimbilia, lakini wakanibeba mimi, wakanipima presha mimi, Nduwayo kasimama kando anawaomba radhi kwa ugonjwa wa mke wake, mpaka akaanguka naye, akisema "pardon", njo wakaona, gari likampeleka Lilongwe akapasuliwa, apendisiti, kile kidole tumbo, ilikuwa imeshapasuka.

Tangu arudi haongei nami vizuri, na kaka yake, Ntahomvukiye, ameniambia, "Shemeji, mume wako alikuwa anakufa kwa heshima, wewe ukamkatiza," wanataka Jumapili niombe msamaha mbele ya kanisa, ningeomba, ila tangu juzi kidonda kimevimba, kina moto, nikimuuliza anasema ni kidogo tu, na kliniki atakwenda nikiapa kunyamaza. Niape?

Antoinette

*

Antoinette, kidonda kina moto tangu juzi na wewe umeshika kalamu? Jibu hili nimelituma kwa kabaza sasa hivi. Wasikilizaji watalisikia siku ya kipindi.

Pole, na hongera pia. Kelele zako zilimwokoa, ingawa zilianza kumtibu asiyeumwa. Nesi usimlaumu. Ana watu sitini mbele yake, anawapanga kwa anachokiona na kukisikia, na mumeo alimpa salamu nzuri kuliko wote.

Apa. Nyamaza kabisa. Lakini kwanza jirani anayejua Chichewa akuandikie karatasi: alipasuliwa lini, kidonda kimevimba tangu lini, kina moto, akisema ni mzima msimwamini. Mpe nesi kabla mumeo hajavua kofia. Karatasi hailii, haimwaibishi mtu. Na usijitupe chini, watakupima presha tena.

Mkirudi nyumbani acha kumuuliza kama anaumwa, hutajibiwa. Mwambie atembee hadi bombani, wewe mwangalie kama ananyooka.

Ntahomvukiye aende pia, amshike mgonjwa upande mmoja. Huko nako akae kimya, si ndiyo dawa anayoiamini?

Msamaha uombe, haukupunguzii kitu. Ila weka sharti moja: Nduwayo awe amesimama kando yako, kwa miguu yake mwenyewe, ili kanisa zima lione ulichomkatiza.

Ondokeni leo.