Watoto wa Kubuni Walioacha Kukua

Mji wa Wote, Alhamisi, Julai 1996



Leo nilijaribu ile programu ya takwimu ya ofisi yetu ya elimu kwa alama za watoto wa kubuni. Niliwatunga mwenyewe kwenye kompyuta, nikahakikisha alama za kila mmoja zinapanda darasa hadi darasa. Kisha nikazigeuza alama hizo kama Bwana Mutiso, mkubwa wangu, alivyonifundisha: wastani wa kila darasa ufanywe hamsini.

Wakaacha kukua, wote. Darasa la nne hamsini, la tano hamsini, la sita hamsini. Programu haikukosea. Ni njia yetu inayofuta maendeleo yenyewe.

Na ndivyo tulivyopima shule ya Mwalimu Ndunge kule Kikima. Jumatatu kamati ya elimu inamvua cheo cha ualimu mkuu, eti watoto wake hawasongi mbele. Na mimi hapa ofisini bado ni kibarua tu.

Nilimwonyesha Mutiso.

"Unasema ripoti yangu ya Kikima ni ya uwongo?"

"Hawa niliwakuza mimi, Bwana, na programu inasema hawajakua. Je, wale wa Mwalimu Ndunge?"

 Akasema, "Futa hizo. Na usimwambie mtu."

Sikufuta. Nilienda posta nikampigia Mwalimu Ndunge, nikamweleza yote.

"Utasema hivyo mbele yao Jumatatu?" akaniuliza.

"Nitasema, Mwalimu."

Nikamsikia akilia kwenye simu.

Mungu wangu, nimesema nitasema.