Chakula cha Wale

Jumatatu, 3 Juni

Mama hajala tena. Vijiko viwili vya uji, basi, kageukia ukutani. Tangu tumzike Baba ni hivyo hivyo. Daktari kasema akiendelea atalazwa, alishwe kwa mpira wa puani. Ng'o! Mama yangu hali kwa mpira nikiwa hai.

Kupika sijui. Mama hakunitaka jikoni kwake, alisema naunguza hata maji. Lakini pale kwa dobi ninapofanya kazi tunafua vitambaa vya meza vya mikahawa yote ya ule mtaa mrefu — watu wa kila taifa, kila mmoja na sufuria yake. Nawajua kwa madoa. Nitapita mlango kwa mlango mpaka nipate kitu Mama atakachomeza.

Jumatano, 5 Juni

Jana supu ya tambi, kwa wale wa madoa meusi ya soya. Mama kasema hizi ni kamba za viatu. Leo wale wa bizari, ambao doa lao halitoki hata kwa dua. Alionja kwa ncha ya ulimi, akanywa maji jagi zima. Mgonjwa haulizwi uji, wanasema. Huyu wangu usipomuuliza anakurudishia sahani.

Kaka kapiga simu. Ati nimwache Mama apumzike, mambo ya mikahawa ni utoto. Nikamwambia aje amlishe yeye. Akakata.

Alhamisi, 6 Juni

Wenye jibini — hapana. Wenye samaki mbichi — nilitukanwa. Wenye supu nyekundu ya bitiruti — Mama kauliza nani kachinjwa humo. Ila alicheka! Mara ya kwanza tangu msiba. Siachi.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi nimefungua mfuko wa vitambaa vichafu. Harufu ya mbegu zilizokaangwa, zikasagwa, zikatiwa kwenye mboga chungu. Jikoni kwa Mama kabisa! Na watu wetu hawana mkahawa mji huu, tuko wachache mno. Nikasoma lebo ya mfuko.

Ni wale. Wa ng'ambo ya mto. Waliochoma nyumba yetu nikiwa mgongoni kwa Mama, wakamuua mjomba. Mama hataji hata jina lao, anasema "wale" tu, na akiwaona barabarani anavuka upande wa pili.

Nilishikilia kitambaa kile puani mpaka msimamizi akauliza kama nalipwa kufua au kunusa. Kumbe tunakula chakula kimoja! Nilichukia. Halafu nikasikia njaa.

Jumanne, 11 Juni

Nimeingia. Liwalo na liwe. Mpishi ni mama mtu mzima, rika la Mama, mikono minene, si msemaji. Shikamoo ilinikwama kooni, lakini ilitoka. Nikanunua, nikamimina kwenye sufuria yetu, nikamwambia Mama nimepika mimi.

Kala. Sahani nzima! Akaifuta kwa kidole. Nikaenda kulilia bafuni.

Ijumaa, 14 Juni

Anakula kila siku. Mashavu yamerudi. Na mimi sina raha. Akijua kinatoka wapi ataacha kula kabisa, na safari hii ni mpira kweli.

Jioni, katikati ya kula, kasema bila kuniangalia:

"Kitunguu hiki. Sisi kwenye mboga hii hatutii kitunguu."

Nikajifanya nimepaliwa.

"Usijisumbue. Nilijua tangu tonge la kwanza ni cha wale."

Kisha akamaliza sahani! Akasema kesho nimpeleke, na nimpigie pasi lile gauni alilovaa kumzika Baba. Nikauliza anakwenda kufanya nini kule. Akaninyooshea gauni. Gauni nimelipiga pasi mara mbili.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika hapa mezani kwao.

Mama aliingia wima, hakutaka nimshike. Hakukaa. Akasema aitwe mpishi. Mpishi akatoka akijifuta mikono kwenye aproni. Wakatazamana mpaka wateja wa meza ya jirani wakaacha kutafuna. Mama akamuuliza, kwa lugha ya nyumbani, mwaka ule wa moto alikuwa upande gani wa mto.

Mpishi hakukwepa.

"Nilivuka na wenzangu," alisema. "Nilikuwa upande wenu wa mto."

Niliruka nimdake Mama, nikidhani anaanguka. Kaupangua mkono wangu. Akazunguka kaunta, akaingia jikoni kwao. Mpishi akamfuata. Mlango ukafungwa.

Hakuna kelele. Hakuna hata mlio wa sahani. Wateja wanadai chakula chao, mhudumu anaogopa kugonga. Naogopa pia.

Sasa hivi mlango umefunguka kidogo. Mama katoa kichwa. Amevaa aproni, vidole vina unga wa mbegu.

"Usiningoje," kasema. "Nenda kazini."

Akaufunga tena. Nimesikia komeo.

Siendi. Nimevuta kiti mpaka mlangoni pa jikoni.