Sindano Hayupo Leo

Mabu, Ilam
Mwezi wa Chait, maua ya gurans yakiwa yamechanua

Mdogo wangu mpendwa Jasmaya,

Pokea salamu zangu, na uzipokee kwa mikono miwili hata kama umenikasirikia. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua hakikusumbui tena kwa vumbi la Damak, na wakwe zako hawajambo. Sisi huku tunaendelea. Goti la mama linauma asubuhi na kupona jioni, hasa akisikia kuna harusi mahali. Wifi yako anakusalimu, na anasema kitambaa ulichomshonea kimezua wivu kijiji kizima. Iliki ya baba upande wa juu imekauka kwa ugonjwa, lakini ile ya kando ya maji imepona, na mwaka huu nitaipalilia mwenyewe.

Najua utashangaa kuona karatasi. Utasema, kaka yangu simu anayo, mnara upo kilimani, sasa barua ya nini? Sababu utaikuta mbele. Nikianza nayo sitaendelea, kwa hiyo niache nije polepole. Nimempa Lhakpa mpishi akukabidhi mkononi, maana anashuka kununua mchele wa kambi ya wageni. Mpe chai, na usimwamini akikuambia hajala.

Mara ya mwisho tuliongea mwezi wa Magh, mimi nikiwa nimesimama juu ya lile jiwe la mnara, na tangu siku hiyo hujapiga tena. Mama nikimwuliza, ananijibu kwamba hujambo, kisha anageukia habari za kuku. Nilijua kuna jambo, sikujua ni jambo gani.

Sasa nikupe habari. Wiki iliyopita niliwapeleka wageni msituni, watatu tu. Suyog na mkewe Ranjita wametoka Kathmandu, wana kamera ndefu kama bomba la jiko. Wa tatu ni Bi Hedda, mzee kutoka Norwe, mkunga mstaafu, mwanamke wa maneno machache na fimbo. Lhakpa alimpachika jina la Bibi Mkuu kwa sababu siku ya kwanza tu alirudisha supu jikoni na kusema ipikwe upya.

Kazi yangu unaijua. Watu hudhani anayewaongoza wageni kutazama ndege wa porini anaishi kwa macho, lakini msitu wetu una ukungu, mianzi na ukungu tena. Ndege husikika kwanza, kisha, ukiwa na bahati, huonekana. Mwongozaji husimama, hunyanyua kidole, husema yule pale, na darubini zote hugeukia huko. Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Nilinyanyua kidole mara nyingi, hata Suyog akaniita kaka, akasema, “Dai, masikio yako ni ya popo.” Lhakpa akadakia kwamba ni masikio ya popo na tumbo la dubu, ndiyo maana wali hautoshi kambini.

Ranjita alitaka kitu kimoja kutoka Mabu: Sindano. Unamkumbuka. Ni yule ndege wa kwenye makangaga ya shamba la iliki, mdogo, mviringo kama limau, asiye na mkia. Vitabuni ana jina refu, lakini wewe ndiye uliyembatiza Sindano, ukisema sauti yake inaingia sikio hili na kutokea la pili. Ulikuwa ukinyosha mkono kabla yangu kila mara, na mimi nikisema umebahatisha. Siku hizi wageni wote wanaokuja Mabu humwita kwa jina ulilompa wewe, ingawa hawakujui.

Asubuhi ya pili tukateremka hadi kijito cha chini ya maporomoko, ndiko kwake. Nikawasimamisha, nikatega sikio, nikasubiri. Nikayatazama makangaga, jani halikutikisika. Mwishowe nikageuka nikawaambia kwa masikitiko ya kweli kwamba Sindano hayupo leo, maji ni ya baridi mno, labda ameteremka bondeni. Wakaangua kicheko. Ranjita alicheka mpaka akashika mti. Suyog akanipiga begani, akaniambia, “Dai, wewe mtu mbaya. Uso mkavu kabisa, kama unasema kweli.” Nami nikacheka pamoja nao, Jasmaya, nikijiuliza kwa nini tunacheka.

Sindano alikuwa anaimba. Alikuwa karibu na kiatu changu, anaimba kwa nguvu zake zote, na pale kijitoni mimi peke yangu sikumsikia. Niliyajua haya baadaye. Wakati ule niliona tu kwamba Bi Hedda hakucheka.

Tulipoanza kupanda kurudi kambini nikakaza mwendo, kwa sababu alikuwa akinitazama na sikupenda namna anavyonitazama. Unajua hasira zangu zinaingia miguuni. Nikawaacha wote nyuma, nikaketi juu ya gogo kileleni, nikaanza kubandua ruba kwenye soksi. Wale vijana wawili walisimama njiani kupiga picha ua. Bi Hedda hakusimama. Alifika akihema, akaketi kando yangu, akauliza, “Tangu lini?”

Nikamwuliza tangu lini nini. Akaniambia nisimchoshe, amepanda kilima kizima na goti bovu. Akasema jana nilinyanyua kidole kila mara baada ya Ranjita kugeuza shingo, hata mara moja sikumtangulia. Nikamwambia ni mafua. Nikamwambia ni kelele za maporomoko. Akaniacha nimalize yote, kisha akasema yeye alifanya hivyohivyo wodini kwa miaka, akisoma midomo ya kina mama, mpaka siku moja mtoto mchanga akalia na yeye akadhani hajalia. Siku hiyo aliacha kujidanganya. Akaniuliza zamani nilifanya kazi gani, nikamweleza habari za barabara, jinsi tulivyopasua mwamba kwa baruti na kuziba masikio kwa vidole. Akatikisa kichwa tu.

Halafu akachomoa kitu nyuma ya sikio lake, kidogo kama punje ya harage, chenye uzi mwembamba. Akakifuta kwa pindo la sweta, akaniamuru niinamishe kichwa, namna anavyoamuru supu. Akakitia sikioni mwangu.

Kwanza nililisikia koti langu. Sikujua kwamba koti langu lina kelele kiasi kile. Kisha matone yakianguka kutoka kwenye majani ya miti, kila tone peke yake. Kisha juu ya mianzi ndege wadogo, wengi mno, wakipigiana kelele kama kina mama kwenye bomba la maji. Na kutoka chini kabisa, Sindano. Palepale kijitoni, akichoma hewa. Nililia, mdogo wangu. Sioni haya kukuandikia. Nililia mbele ya mgeni, na yeye akatazama upande mwingine akila kipande cha jibini kavu la churpi.

Kilichoniliza si furaha peke yake. Kwa miaka hii miwili mitatu nilikuwa nimeshawishika kwamba ndege wa Mabu wanakwisha. Niliwaambia wageni hivyo. Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji kuhusu msitu nikawakemea kina mama wanaokata makangaga ya kutandikia ng'ombe, nikawaambia wamemfukuza Sindano, na mama mmoja akatoka mkutanoni akifuta machozi. Msitu ulikuwa umejaa sauti wakati wote, na mimi nikiomboleza.

Nikamrudishia Bi Hedda kitu chake. Akasema ni vizuri kwamba nimerudisha bila kuombwa, kwa sababu asingeniachia. Akasema, “Hiki changu. Katafute chako.” Nikampenda kwa hilo.

Kesho yake, wakati wa kifungua kinywa, niliwaambia wote. Lhakpa alikuwa anagawa chapati, akasimama na chapati mkononi. Nikasema sauti nyembamba sizisikii, zile nzito bado ninazo, na kwamba jana sikuwa nafanya mzaha. Ranjita akaniuliza, bila ukali, kama ndege wale wote wa siku ya kwanza nilikuwa nimewasikia kweli. Nikamjibu kwamba wengine ndiyo, wengine hapana, na wale wa hapana nikamtajia mmoja mmoja. Alikuwa amewaandika daftarini. Akawafuta, na kila alipofuta nilihisi nafutwa mimi. Suyog alisema hawakuja mpaka huku kuongozwa na mtu wa kubahatisha. Alikuwa na haki ya kusema. Nikamwambia akitaka mwongozaji mwingine nitashuka kijijini kumtafutia, na akikubali kwenda nami, sharti ni hili: yeyote atakayesikia kitu anyoshe mkono, hata kama hajui ni nini, na kazi ya kukitafuta ni yangu.

Lhakpa akasema kama ni kunyosha mikono, basi na yeye akisikia tumbo linalia atanyosha. Wakacheka, na safari hii nilijua tunacheka nini. Suyog akachukua begi lake, akatangulia njiani.

Tukatembea hivyo siku zilizobaki. Mkono wa Ranjita ukipanda, mimi naangalia jani lipi limetikisika, tawi lipi lina uzito. Nikagundua kwamba macho yangu, kwa kuachiwa kazi peke yake, yamenoleka. Siku ya mwisho hakuna aliyesikia chochote. Niliona tu kangaga moja likiinama bila upepo, nikawashika wote mabega wakachuchumaa, na kutoka mle akajitokeza jogoo-mwitu mwekundu wa madoa meupe, yule ambaye baba alikuwa anamvulia kofia. Akapanda gogo, akajikung'uta umande, akatutazama kwa dharau, akaenda zake. Suyog hakupiga picha hata moja. Alisahau kamera shingoni. Baadaye aliniambia, “Dai, nisamehe lile neno.” Nikamwambia neno lilikuwa la kweli, alichelewa tu kulisema.

Basi nimeamua. Siachi kazi hii. Nitaifanya bila kuficha, na kila kundi nitaliambia siku ya kwanza, kabla hatujafunga kamba za viatu. Wenye kambi nimekwisha kuwaambia. Mmoja amekunja uso, lakini hajanifukuza, na akinifukuza nitapokea wageni wangu mwenyewe hapa nyumbani. Kina mama wa makangaga nimewapitia nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na yule aliyelia amenipa kwanza maneno makali, kisha mtindi. Baada ya wageni wa mwezi wa Baisakh nitashuka Biratnagar kwa daktari wa masikio.

Sasa nimefika kwenye sababu ya karatasi.

Niliporudi kutoka msituni nilimweleza mama habari za masikio yangu. Alikuwa anachagua dengu. Akaacha. Akaniambia, “Kwa hiyo hukumsikia Jasmaya.” Nikamwuliza kumsikia lini. Akaniambia, kama ulivyomsimulia mwenyewe, kwamba siku ile ya mwezi wa Magh ulipiga simu ukaniuliza jambo kubwa, jambo lililokuchukua siku nyingi kupata ujasiri wa kuliuliza, na mimi nikakujibu kwamba viazi vimezaa vizuri mwaka huu. Ukaniuliza mara ya pili. Nikasema, haya, vizuri, tutaonana sikukuu ya Dasain. Nikakata simu.

Jasmaya, naikumbuka simu ile. Nilisikia upepo, na ndani ya upepo sauti yako, mbali, bila maneno. Nilifikiri unaniuliza habari za nyumbani kama kawaida yako. Ukweli ni kwamba kwenye simu sijakusikia vizuri tangu mwaka juzi. Nimekuwa nikikujibu kwa kubahatisha, kama nilivyowafanyia wageni, nikingoja uvute pumzi ili niseme vizuri, vizuri. Wewe ukadhani kaka yako amekusikia na ameamua kukuletea habari za viazi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kazi, kuliko ndege wote wa Mabu.

Nimemsihi mama aniambie uliuliza nini. Amekataa. Amesema, “Alikuuliza wewe, hakuniuliza mimi. Mwulize mwenyewe.” Unamjua mama. Kwa hiyo mpaka naandika mstari huu sijui. Nimewaza mengi. Nimekitazama chumba chako, kile tunachoanikia mahindi, nikawaza labda unataka kurudi nyumbani. Lakini sitaki kubahatisha. Kwa mwaka huu nimebahatisha vya kutosha.

Niulize tena. Niandikie, hata kwa mstari mmoja, umpe Lhakpa, nimemwambia asiondoke Damak bila jibu lako. Au funga mzigo upande naye gari, uje uniulize uso kwa uso, kwa sababu uso wako nikiutazama nasikia kila neno. Ukifika hapa tutateremka pamoja kijitoni. Wewe utanyosha mkono, na mimi sitasema umebahatisha.

Mama anakubusu kwenye paji la uso. Wifi yako anakuagiza uzi mwekundu. Wasalimie wakwe zako kwa heshima zote. Gunia alilonalo Lhakpa ni la viazi, kwa sababu kweli vimezaa vizuri, na nimeona ule hivyo viazi huku unanisema.

Ni mimi kaka yako, nimekaa kizingitini nasubiri,

Birkha