Mgahawa Unaojibu Mtandaoni Tu

Shikamoo dada Neema,

Nipo Runzewe, jua linawaka na njaa inaniuma. Nimeufikia ule mgahawa uliousifia mtandaoni. Mwenyewe, Mama Kulwa, kainamia simu anajibu wateja wa kwenye ukurasa wake. Nimemwita mara tatu, wala hageuki! Nikamwandikia hukohuko: "Niko meza ya dirishani, naomba wali samaki." Akajibu papo hapo: "Karibu sana mpendwa! Unatokea wapi?" Na yuko hatua tatu tu kutoka nilipokaa, dada! Mwishowe kaleta sahani, lakini kaing'ang'ania. "Kwanza nipe nyota tano, mwanangu, na maneno mazuri."

Nibusie watoto. Ukisoma pale "huduma ya haraka sana", ni mimi mdogo wako niliyeandika, sahani ikiwa bado mikononi mwake.

Zawadi