Daftari la Mikazo

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kitanda namba tano. Natumaini hujambo, shemeji hajambo, na cherehani haikusumbui. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu, mzuri wa sura kuliko wodi nzima, na huko chini nako sasa kuna habari.

Unaijua miguu yangu tangu nilipoanguka kwenye ngazi nikipaka rangi: migumu kama mbao, kunivalisha suruali mpaka uitenganishe kwa goti lako. Vidonge vilinilaza tu kama mtoto mchanga. Hapa daktari alisema dawa ileile inaweza kuwekwa mgongoni kwa sindano, kidogo sana, kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo. Kwanza wajaribu. Nikitembea vizuri zaidi, watanipandikizia pampu ndogo chini ya ngozi ya tumbo, iwe inaidondosha dawa hiyo siku zote. Nisipoweza, narudi nyumbani na mbao zangu.

Siku ya kwanza walinidunga, wakanipa daftari niandike kila mkazo wa misuli unaponishika. Jirani yangu wa kitanda, dereva wa lori mwenye maneno, naye alikuwa na lake. Akajitapa kwamba ana mikazo kumi na tisa, eti vijana wa siku hizi hata kuumwa hatuwezi.

Kesho yake daktari alisoma daftari langu, akasema dozi haijatosha, akaongeza. Dada, miguu ikawa uji! Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mkali tunayemwita Bi Saa kwa kuwa anapima kila mwendo kwa saa, aliponisimamisha nilimporomokea kama shuka lililoloa. Daktari akaeleza kwamba ule ugumu ndio uliokuwa ukinisimamisha. Ukiisha wote, sina cha kunibeba. Akasema huenda pampu hainifai.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu wa nyumbani. Siku ile ya kwanza mkazo ulinishika mara nne tu. Niliandika ishirini na sita ili nimshinde dereva. Dawa ilikuwa inafanya kazi, nami nikaficha ukweli huo.

Ikabidi nimwite daktari, nikaungama. Bi Saa aliniita mpumbavu, na kwa mara ya kwanza maishani sikubisha. Wakangoja dawa iishe mwilini, wakarudia dozi ndogo. Nikashika fremu ya kutembelea, nikatoka kitandani mpaka dirishani, hatua kumi na nne, kisigino kikitangulia kugusa sakafu, magoti hayagongani. Dereva alipiga makofi. Bi Saa alisahau kubonyeza saa, nikarudia kwa maringo.

Pampu nawekewa Jumanne. Mama mwambie hilo. La daftari kaa nalo wewe. Na siku ya kunichukua usije na shemeji wa kunibeba. Njoo peke yako, uje na subira, maana natembea polepole.

Nisalimie watoto, na majirani wote wanaoniulizia kwa nia njema.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Rangi