Pezi Lililoliwa na Sili

Ragna,

Nakuapia, yote haya ni kweli tupu. Samoni yuko kwenye sinki, mtie chumvi kabla hajaharibika. Supu ipashe moto tu.

Tuliwekeana kamari: nikitoa samaki kijitoni mwetu mwenye pezi dogo la mgongoni, ni wa asili, na mashua haiuzwi. Akiwa amekatwa pezi, katoka kituo cha kutotolesha samaki, ambako huwakata hivyo kuwatia alama, na umeshinda: tunaiuza. Asubuhi nikaleta huyu samoni, nikakuambia pezi lake limeliwa na sili, yule mnyama wa baharini mwizi wa samaki, tena nilipigana naye nusu saa. Ukamgeuza samaki, ukauliza, "Baba, sili huyo alikuwa na mkasi?" Ukaenda kazini bila hata kucheka.

~~Kesho nitajaribu tena.~~ Hapana. Vituo vimemwaga vifaranga baharini mpaka bei ya samaki hailipi hata dizeli, na sasa samaki wao wamefika hadi pale kijitoni mama yako alipokuwa akikaa kuwapokea samaki wetu wakirudi kutoka baharini. Nimekaa pale peke yangu, sikumtambua samaki hata mmoja.

Ufunguo wa mashua uko chini ya kikombe changu. Mpigie simu yule mnunuzi uliyempata. Nimeshuka gatini kubandua kwenye mashua ubao wenye jina la mama yako. Huo hatukuuwekea kamari.

Baba